Nilivyopima protini za maharagi yetu nikiwa Bukavu

Njia ya Kjeldahl, ile ya kawaida ya kupima protini za chakula, inakupa nitrojeni. Unazidisha kwa 6.25, unapata kiasi cha protini. Ila haikuambii ni protini zipi. Mimi nilikuwa natafuta lektini, ile inayotapisha watu maharagi yasipoiva, kwa sababu Kabare na Walungu, hapa karibu na Bukavu, wanalima aina nyingi, na mama anayenunua makala kwa bei kali anaepua sufuria mapema. Swali la protini zipi linajibiwa na spektrometa ya masi, mashine inayotambua protini kwa kupima uzito wa vipande vyake. Niliipata kwenye chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji, chenye kituo kinachopima protini za watafiti wa nje kwa malipo.

Kilichoniokoa ni kuwaandikia kabla sijasaga hata punje moja. Madame anayesimamia kituo aliniuliza kwanza: utatumia sabuni gani kutoa protini? Triton na Tween, hata kidogo tu, zinafunika alama za peptidi, yaani vile vipande vifupi vya protini ambavyo mashine inavisoma. Halafu: utasafirishaje? Barafu kavu sikuwa nayo, na umeme wetu unakatika. Tukapatana nipitishe protini kwenye jeli kwa umeme, zijipange mistari kwa ukubwa wake, niitie jeli rangi ya buluu ya Coomassie, nikate mistari ninayoitaka, nitume vipande ndani ya asidi asetiki hafifu. Protini iliyoshikwa hivyo kwenye jeli inavumilia safari bila friji. Rangi ya fedha alinikataza, maana mara nyingi ina glutaraldehidi, nayo inazifunga protini hata tripsini, kimeng'enya kinachozikata kuwa peptidi, ishindwe kuzikata.

Usafi ndio uliotuchosha. Ngozi na nywele vina keratini, na mashine inaisoma kama protini nyingine yoyote. Asubuhi za Bukavu ni baridi, lakini sweta za sufu, ambazo ni keratini tupu, zilibaki nje ya labo. Glavu na kofia kwa kila mtu, hata kwa Prof.

Kuhusu bei, ulizia ile ya watafiti wa vyuo vingine. Iko chini ya ile ya makampuni. Barua ya mkuu wa kitivo ilitosha.

Majibu yalikuja kama jedwali: peptidi zilizolinganishwa na orodha ya protini za Phaseolus vulgaris, jina la kisayansi la maharagi haya, ambayo jenomu yake (jeni zake zote) ilichapishwa 2014. Faseolini, protini ambayo mbegu ya maharagi inajiwekea akiba, ilijaa kama inavyotarajiwa, na lektini zilionekana wazi kwenye mstari wake. Sasa nataka kulinganisha wingi wake kati ya aina na aina, mabichi na yaliyopikwa. Madame ameshaniambia mstari mmoja wa jeli hautoshi kwa hilo: nilete angalau sampuli tatu za kila aina, kila moja kutoka shamba lake.