Papa alipoonja kahawa yake

Mwaka 2017 papa, baba yangu, alipanda boti kutoka kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, akaja kwangu mjini Bukavu, Kongo, sukari imempanda. Muganga alisoma karatasi za vipimo, akamwuliza kama anakunywa kahawa.

“Muganga, kahawa sisi tunalima na kuuza. Kunywa ni mambo ya Wazungu. Tena inaharibu moyo.”

Tangu utoto papa alichuma kahawa, akaimenya, akaianika. Kuinywa, hata siku moja. Kwetu kisiwani wengi ndivyo walivyo, na jambo hilo huniuma mpaka leo.

Muganga hakucheka. Alisema tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka zimeonyesha kwamba wanywaji wa kahawa hupata kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya ini kwa uchache kuliko wasiokunywa. Kisha akanigeukia mimi: “Hiyo inakuhusu zaidi wewe ambaye hujaugua. Mzee, kahawa haitatibu sukari uliyo nayo. Vidonge usiviache. Ila ukitaka kunywa, kikombe asubuhi, bila sukari, na usinywe ya moto sana.” Akaeleza kwamba mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiondoa kahawa kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani. Walichobaki nacho shaka ni joto: kinywaji chochote kinachozidi nyuzi 65, hata chai.

Papa alikuwa amemletea dada yangu kahawa ya kuuza sokoni. Jioni ile tuliikaanga kidogo juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Papa mwenyewe alishika mwiko. Punje zilianza kijani, zikageuka njano kama mahindi, halafu zikaanza kupasuka tap, tap, maganda membamba yakiruka, nyumba nzima ikanukia. Alichukua punje moja nyeusi, akaipuliza, akaitafuna polepole.

“Hii ni ileile ya kwangu?”

“Ileile, papa.”

Tuliitwanga kwenye kinu, tukaichemsha, tukaiacha ipoe. Alikunja uso, akaomba sukari, dada akamnyima. Akamaliza kikombe.

Sukari yake ilishushwa na vidonge na kupunguza bugali, sitasema vingine. Lakini kahawa ile ilichukua nafasi ya chai yake ya asubuhi, ambayo alikuwa akiitia vijiko vya sukari bila kuhesabu, na kwangu hiyo ni faida kubwa. Aliporudi Idjwi alimwambia mama kahawa ya msimu ule isiuzwe yote, ndoo moja ibaki nyumbani.