Misumari ya inchi sita katika shamba la mama

Septemba hapa Chamwino upepo huanza mnamo saa nne asubuhi na hautulii mpaka jua lizame. Mwaka juzi mama aliniachia ekari nne za kichanga kwa sababu magoti yamechoka. Nikapanga kuingiza trekta mapema, mvua za Desemba zikute shamba liko tayari. Mama akaniambia, "Ukilifunua sasa, mwanangu, umeuanikia upepo." Nilidhani anaogopa gharama.

Wana Dodoma tunaujua mmomonyoko wa udongo kwa makorongo. Kondoa ilichimbika mpaka mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika. Lakini upepo hauchimbi korongo. Unakomba shamba lote kidogo kidogo, ukianza na vumbi laini lenye rutuba, na mchanga unabaki. Kwa hiyo usipopima hutajua.

Nilifikiria kupimia mizizi ya mtama iliyo wazi, lakini mtama huota mizizi ya juu kwa asili yake, utakudanganya. Nikapigilia misumari 12 ya inchi sita hadi vichwa vikalingana na ardhi, kwenye kipande nilichokwisha kulima. Baada ya wiki sita vichwa vingi vilikuwa vimesimama juu, vingine kama sentimita moja. Piga hesabu: sentimita moja kwenye ekari moja ni mita za ujazo 40, zaidi ya tani 50 za udongo. Udongo mwingine niliukuta umelundikana chini ya ua wa minyaa upande wa magharibi, laini kama unga.

Kipimo cha pili kilitoka jikoni. Wataalamu wa udongo hutumia chekeche la matundu ya milimita 0.84, kwa kuwa chembe zinazopita hapo ndizo upepo unazoweza kuzihamisha. Mimi nilitumia chekeche la unga lenye matundu yanayokaribia hayo. Nilichota udongo mkavu wa juu, nikautikisa taratibu bila kuyasugua mabonge. Kati ya vikombe kumi, vinane vilipita. Udongo mzito wa bondeni kwa shangazi ulipita vikombe vinne tu. Trekta ikivuruga kichanga kama changu, haiachi mabonge ya kuukinga, inaachia unga.

Tena angalia urefu wa uwazi kwa kufuata upepo. Shamba langu lina mita 200 kutoka mashariki hadi magharibi bila kizuizi. Chembe inaruka, ikitua inaibua nyingine, na kadiri njia inavyorefuka ndivyo zinavyoongezeka. Upande wa mashariki sasa nimeacha visiki vya migunga vichipue, napogoa machipukizi tu. Safu ya miti hukinga umbali wa kama mara kumi ya kimo chake, kwa hiyo miti ya mita nne itanipa mita 40. Haitoshi, nitahitaji safu nyingine katikati.

Kubwa kuliko yote ni mabua. Zamani tulikuwa tukiyachoma au kuwaachia ng'ombe hadi ardhi inabaki uchi. Mwaka huu nilimwomba baba mkubwa, jirani yetu, apitishe ng'ombe wake pembeni, naye akakubali kwa sharti la gunia mbili za pumba. Mabua yamelala shambani, trekta itasubiri mvua ya kwanza.

Jana nilikagua misumari, niliyokwisha kuipigilia upya, na mama akiwa ameketi kwenye kigoda kivulini. Kumi iko sawa na ardhi. Miwili iliyo karibu na njia ya ng'ombe imeanza kuchomoza.