Kaseti ya 17: maketi ya muzee na ule mvumo wa kuran (umeme)

Jumamosi

Nimefika kaseti ya 17 kati ya zile 41 za sanduku la bati na hii njo ya kwanza imeninyima usingizi. Sanduku si la kwetu, ni la mama jirani hapa Kamalondo, Lubumbashi, yeye alitaka tu nimtolee nyimbo za kwaya yake ya zamani nizitie kwenye flashi awape wajukuu, basi. Zile 16 za mwanzo zilikuwa kwaya, mahubiri, harusi moja ambayo mtu anaongea juu ya muziki toka mwanzo mpaka mwisho, halafu kwaya tena. Ya 17 imeandikwa PASAKA kwa biki ya bluu, upande A kwaya safi kabisa, inaishia dakika ya 19. Nikaweka upande B, nikaenda kuosha sahani, na huko jikoni nasikia gita. Si gita ya kanisa hata kidogo. Gita chafu, inakwaruza kama mtu anapasua shuka, ngoma nyuma, na kijana anaimba Kibemba na Kiswahili kwa sauti nyembamba ya juu. Rock, jamani. Rock ndani ya PASAKA.

Nyimbo mbili nzima, ya tatu inaanza, gita inapanda solo, halafu paaa, Haleluya, kwaya inaingia katikati ya noti. Nilicheka peke yangu na mikono yote sabuni.

Sauti ilikuwa inakuja inapotea, nikasimamisha mara moja. Kile kisponji kidogo cha nyuma ya utepe, kinachousukuma uguse kichwa cha kusomea, kimebanduka, gundi imekauka. Na kaseti yenyewe ni ya zile zisizo na skurubu, zimeunganishwa moja kwa moja, kwa hiyo nimepasua pembeni kwa wembe pole pole, nimetoa roli zote mbili na kuzihamishia kwenye ganda la kaseti nyingine ya skurubu tano. Hapo usikohoe. Utepe wa C60 (kaseti ya dakika 60) una upana wa milimita 3.81 tu, ukijikunja mara moja alama inabaki milele.

Jumapili

Nimepeleka simu kwa mama baada ya misa, nikapiga sekunde kama thelathini. Kabla sijauliza akasema, "Ah, hiyo vurugu ni ya muzee." Yaani bwana yake! Huyu muzee ninayemsalimia kila asubuhi anamwagilia mchicha, sikuwahi kujua ameshika gita maishani.

Muzee kasikiliza, kakunja uso. "Hapana mwana, huyu si miye. Mi sikukuwa na sauti ya mutoto mwanamuke." Lakini gita anaijua. Ametaja watu watatu waliokuwa wanacheza, chumba cha mwenzake aliyekuwa anafanya kazi ya reli, hata redio. Hiyo redio mniache niieleze kidogo. Hawakuwa na amplifikateri. Walichukua redio kubwa ya taa, zile za mbao zenye taa za kioo ndani badala ya transista, nyuma kuko tundu la kuchomekea gramafoni, gita ikaingia hapo, halafu muzee akatoboa karatasi ya bafle (spika) kwa sindano matundu mengi ili ikwaruze kama alivyosikia kwa Wazambia. Magneto (mashine ya kurekodi kaseti) ndogo ya mapile (betri) ikawekwa juu ya kiti na maikrofoni yake, wakarekodi. Hiyo njo ilikuwa maketi yao, demo kwa wanaosema demo.

Kwa vijana wasiojua, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka miaka ya 1970 walikuwa na rock yao nzito sana, WITCH, Amanaz, Paul Ngozi, mji wa Kitwe ulikuwa unatingishika. Kaunda alikuwa ameagiza redio yao ipige muziki wa Zambia asilimia 95, na mawimbi hayaombi viza. Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa, pale mpakani, ni karibu kilomita 90 tu na Kibemba tunasikia wote. Muzee anasema walikuwa wanashika stesheni usiku, mmoja anapanda na waya juu ya mti wa maembe.

Maketi aliipa dereva wa lori aipeleke Kitwe kwa mtu mwenye studio. Hakukurudi jibu. Huyo dereva muzee amemtukana mbele yangu kwa Kiswahili, Kibemba na Kifaransa, inaonekana ni zoezi la miaka mingi. Kwa hiyo swali langu: kama maketi ilienda, hii ni nini? Na kama gita ni yake, mbona sauti si yake?

Jumatano

Hakuna kuran tangu Jumatatu jioni. Sina la kuandika. Nimeagiza mkanda mwingine wa raba soko ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, juu ya ule wa deki yangu umeanza kulegea, wa kwanza niliukuta umeyeyuka kama lami, vidole vilikuwa vyeusi siku mbili.

Ijumaa, saa saba usiku

Kuran ilirudi saa tano usiku, na mimi macho.

Kwanza nimesafisha kichwa kwa alkoli ya 90, ile ya 70 ya famasi ina maji mengi mno. Halafu nimegeuza skurubu ndogo ya pembeni ya kichwa huku nasikiliza upatu, robo ya mzunguko inatosha kabisa, mpaka tss tss yake ikawa kali. Kila kaseti imerekodiwa na mashine yake, kichwa kikiinama tofauti kidogo tu zile sauti za juu zote zinakufa. Watu wengi wanarusha hii hatua halafu wanalaumu kaseti.

Sasa utamu wenyewe. Nilichukua gita yangu nifuate wimbo wa pili, ule mzuri. Rifu yake inalala kwenye noti ya chini kabisa, na hiyo noti inatoka fa. Haiwezekani! Gita waya wake wa chini ni noti ya mi. Ukitaka fa lazima ukanyage kidole, na huyu mtu hakanyagi, unasikia kabisa waya uko wazi unapumua wenyewe huku kidole gumba kinapiga besi na cha pili kinachokora juu, vile vile vya Katanga, vya mpiga gita Mwenda wa Bayeke ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Muzee amevaa nguo za Kitwe lakini vidole ni vya huku kwetu.

Basi ama walikaza waya zote nusu toni, ama kaseti inakimbia.

Hapo nikakumbuka redio. Redio ya taa ilikuwa kwenye kuran, na kuran ya huku inatetemeka mara 50 kwa sekunde, ndiyo ule mvumo mmmmm unaousikia kwenye kila bafle ya zamani. Mvumo uko kwenye kaseti, mi mwenyewe tangu Jumamosi nilikuwa natafuta jinsi ya kuufuta! Nikachagua kipande kabla ya wimbo wa pili, sekunde nne hivi hakuna anayepiga, nikafungua uchanganuzi wa masafa kwenye Audacity, programu ya sauti ya kompyuta. Mlima wa kwanza uko karibu na 53. Chini kule hapasomeki vizuri, na milima ya juu ni mvumo ule ule mara mbili, mara tatu, hivyo hivyo, kwa hiyo nikapanda mpaka mlima wa sita: 318. Gawa kwa sita, 53 kamili. Ilipaswa kuwa 50.

53 kwa 50 ni 1.06. Nusu toni, haizidi hata nywele. Mi inakuwa fa.

Mapile, ndugu zangu. Mapile ya magneto yalikuwa yanaisha, mota ikawa inavuta utepe pole pole, na ukija kuupiga kwa mwendo wa kawaida kila kitu kinakimbia na mtu mzima anageuka mtoto. Nimepima na nyimbo nyingine: wa kwanza 52.4, wa pili 53, wa tatu 53.9, unaona kabisa mapile yanakufa. Kwa hiyo huwezi kurekebisha upande mzima kwa namba moja. Mwanzoni nilifanya hivyo kwa uvivu, kwaya ikatoka kama walevi wanaotoka bar, maana kwaya ilirekodiwa siku nyingine na mapile mapya. Nimekata pale kwenye mshono, nikarekebisha wimbo kwa wimbo, kwa "badilisha kasi" na si "badilisha toni", hiyo ya pili inaacha muda vile vile na hapa muda nao ni wa uongo. Wimbo wa pili ulikuwa 3:34, sasa ni 3:47.

Mvumo sikuufuta. Nimeupunguza tu. Ningeufuta siku ya kwanza kama nilivyotaka, ningekuwa bado nabishana na muzee.

Jumapili nyingine

Safari hii nimebeba bafle. Mama kaleta chai na mikate, muzee kakaa na kofia kichwani, nikapiga wimbo wa pili bila kusema kitu. Sauti ilipoingia alivua kofia. Sekunde kama kumi hakuna aliyeongea, halafu akaanza kuimba chini yake, maneno yote, hata pale anapokosea kwenye kaseti alikosea tena.

"Njo miye."

Wa tatu ulipokatika na Haleluya akageuka kumtazama bibi yake. Mama alikuwa ameshaanza kucheka. Kumbe siku ya Pasaka yeye njo alishika magneto ya kwaya, na upande A aliusimamisha dakika ya 19 juu ya kuogopa utepe uishe katikati ya Haleluya, akageuza bila kuzungusha. Ukigeuza dakika ya 19 kwenye upande wa dakika 30 unaangukia dakika ya 11 ya upande wa pili. Angengoja mwisho, kwaya ingeanzia sifuri na nyimbo zote tatu zingeliwa. Ile solo imekwenda, nimejaribu kila kitu, kichwa cha kufutia kilifanya kazi yake vizuri mno.

"Lakini kaseti uliitoa wapi?" muzee kauliza.

"Kwenye kabati. Zilikuwa mbili, zinafanana, hazikuandikwa. Weye mwenyewe uliniambia nichukue ile inabakia, iko mupya, haina kitu."

Muzee kaweka kikombe chini.

"Sasa kule Kitwe," akasema, "walisikiliza nini?"