Siku Daftari la Kasho Lilipofunguliwa Mbele ya Mama

Asubuhi ya kesi ya polisi aliyemvunja mkono, Mama aliamka saa kumi za usiku, kama alivyozoea siku za kwenda kungoja mitumbwi ya sambaza, wale samaki wadogo, ziwani, akavaa kitenge chake cha Pasaka, akakaa kitini bila kusema neno mpaka kulipopambazuka. Ilikuwa Jumatano ya Novemba 2016, na Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ilikuwa na ile mvua yake ya miezi hiyo, isiyonyesha kwa nguvu na isiyokatika. Tulitoka Kadutu, mtaa wetu, kwa miguu, kwa sababu tangu mwaka uliotangulia Mama alikuwa haingii tena kwenye teksi iliyojaa watu: kiwiko cha abiria mmoja kikigusa kifundo cha mkono wake wa kulia, uso wake hubadilika. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini uliunga vibaya.

Mkono huo ulivunjwa Alhamisi, tarehe 19 Machi 2015, saa kumi alasiri, katika soko la Kadutu. Mdogo wangu alikuwa amechukua simu za thamani ya dola 380 kwa mfanyabiashara mmoja kwa ahadi ya kulipa, akaziuza, akaenda zake Uvira bila kulipa. Sitamtetea mdogo wangu hapa. Mwenye simu alikuwa na haki ya kudai mali yake, na alikuwa na haki ya kumshtaki aliyemdanganya. Lakini badala ya kutafutwa aliyeko Uvira, walikuja polisi watatu pamoja na yule mfanyabiashara, naye akawaonyesha kwa kidole mwanamke wa miaka 58 aliyekuwa amekaa nyuma ya beseni la sambaza. Hawakuwa na hati yoyote mikononi. Mmoja wao, mwenye cheo cha brigadie, alimwambia kwa Lingala, "Mama, toke!" Mama anazungumza Mashi na Kiswahili, na Lingala yake ni ya maneno matatu au manne ya nyimbo. Alielewa kwamba anaambiwa aende, lakini wapi na kwa kosa gani, hakuna aliyemweleza. Alishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, na yule brigadie akampiga rungu mara mbili kwenye kifundo cha mkono ili auachie. Wanawake wa meza za jirani wanasema sambaza zilimwagika zote kwenye tope, na kwamba aliburutwa mpaka barabarani huku watu waliokuwa mbali wakiuliza ameiba nini.

Hilo la mwisho ndilo lililomwumiza kuliko mkono. Katika siku zote zilizofuata hakuuliza atalipwa kiasi gani. Aliuliza ni nani atakayewaambia wale watu wa barabarani kwamba hakuiba kitu.

Alikaa kasho, yaani mahabusu ya polisi, usiku tatu. Jioni ya Alhamisi nilikwenda na chakula, nikaambiwa hayumo. Nilipotoa makuta, yaani pesa, kidogo, akawemo. Sharti lilikuwa moja, nalo lilisemwa waziwazi: mleteni mdogo wenu, mama yenu atatoka. Jumapili, baada ya misa, tulikusanya dola 60 kwa ndugu na majirani, tukalipa bila kupewa risiti, na saa tano asubuhi Mama akatoka akiwa ameufunga mkono wake kwa kilemba.

Mwalimu mwenzangu alinipeleka kwa wakili mmoja, mwanamke kijana ambaye sisi sote tulimwita Metre. Jambo la kwanza alilofanya ni kutupeleka kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, ambaye kwetu huitwa oditeri, ili daktari aandikiwe ombi rasmi la kumpima Mama. Alituonya kwamba cheti cha kuomba wenyewe hospitalini hushambuliwa kwa urahisi mahakamani. Kisha alitufafanulia jambo ambalo mimi, pamoja na elimu yangu yote ya ualimu, sikuwa nikilijua. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 156, inawaweka polisi chini ya mahakama za kijeshi wanapofanya kosa la jinai. Raia hawezi kumwita polisi moja kwa moja mbele ya mahakama hizo. Ni oditeri anayeamua kumpeleka au kutompeleka. Ila kesi ikishafunguliwa, aliyeumizwa anaweza kuingia ndani yake kama mdai wa haki ya kiraia, akaomba fidia mbele ya majaji walewale, na akaomba Jamhuri yenyewe iitwe kama mwajiri wa yule polisi.

Njia nyingine ilikuwa kuishtaki Jamhuri peke yake katika mahakama ya raia, kwa kutegemea kitabu cha tatu cha sheria ya madai cha mwaka 1888, ambacho katika ibara ya 258 kinasema kwamba aliyesababisha hasara kwa kosa lake lazima airekebishe, na katika ibara ya 260 kinamfanya bwana awajibike kwa makosa ya mtumishi wake kazini. Nilivutiwa na njia hiyo, kwa sababu haikupita kwa watu wenye sare. Metre alinikatisha tamaa kwa upole. Kesi ya jinai juu ya tukio lilelile ikiwa mezani, alisema, ile ya madai husimama kuingoja, na ushahidi tuliouhitaji, yaani daftari la kasho, ulikuwa mikononi mwa polisi. Oditeri alikuwa na uwezo wa kulichukua. Sisi hatukuwa nao.

Ilipita zaidi ya mwaka kabla ya kuitwa. Nitauruka mwaka huo. Ulikuwa wa kwenda na kurudi, wa kulipa ada ya karani ya kuingia katika kesi, na wa kuwasihi mashahidi wasichoke.

Ukumbini, majaji walikuwa wamevaa sare za kijeshi, na Mama alipowaona alinishika mkono. Nilimweleza kwamba ndivyo sheria ilivyo, kwamba hawa si wale. Brigadie alikuwa amesimama mbele, peke yake. Afisa aliyemtuma, yule aliyetamka mbele yangu kwamba Mama atatoka mdogo wangu akija, hakushtakiwa. Oditeri alikuwa amempeleka mahakamani aliyepiga tu. Nililiona jambo hilo kuwa dhuluma siku ile, na bado naliona hivyo. Rungu lilikuwa la brigadie, lakini ile biashara ya kumfunga mtu badala ya mwingine haikuwa yake, na ibara ya 17 ya Katiba inaikataza kwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa langu angeyafahamu: hakuna anayeweza kukamatwa wala kufungwa kwa kitendo cha mtu mwingine.

Mama aliitwa kusema. Kesi iliendeshwa kwa Kifaransa, na pembeni yake alisimama mkalimani. Alisema, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, "Mutoto wangu ni mukubwa, iko na bibi yake na nyumba yake. Deni yake munanikamatia miye juu ya nini? Walinikokota mbele ya watu sawa mwizi." Mkalimani akatafsiri kwamba shahidi anadai alichukuliwa kwa ajili ya deni la mwanawe. Basi. Mimi ninafundisha Kifaransa, na nilisikia lile neno likianguka chini. Nilisimama bila kuruhusiwa, nikaamriwa kukaa, nikakaa nikitetemeka. Metre ndiye aliyeliokota. Aliomba, kwa heshima zote, karani aandike kwamba shahidi amesema aliburutwa kama mwizi mbele ya watu, kwa kuwa hayo ni madhara anayoyadai, sawa na mfupa. Prezida wa mahakama akamgeukia Mama, akamwuliza yeye mwenyewe kwa Kiswahili, "Mama, ulisema sawa mwizi?" Mama akajibu, "Ndiyo, baba, sawa mwizi." Karani akaandika. Nilimtazama Mama wakati kalamu ikitembea, naye hakuondoa macho yake kwenye ile kalamu mpaka ilipowekwa chini.

Kisha daftari likafunguliwa. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, lenye jalada gumu lililochakaa pembeni, na kwa siku zote zile nilikuwa nimelifikiria kama kitu kikubwa. Ndani yake jina la Mama lilikuwepo, limebanwa chini ya ukurasa kwa wino usiofanana na wa majina yaliyo juu yake: ameingia Jumamosi tarehe 21, saa tatu asubuhi, kwa kosa la kukaidi amri, ametoka Jumapili tarehe 22, saa tano asubuhi. Saa 26. Ibara ya 18 ya Katiba inaruhusu polisi wamweke mtu kwa saa 48, si zaidi, kisha wamwachie au wampeleke kwa mamlaka ya sheria inayohusika. Kwa daftari lile, sheria ilikuwa imeheshimiwa, na usiku mbili za Mama, Alhamisi na Ijumaa, hazikuwahi kuwepo duniani. Wakili wa utetezi aliusoma mstari ule mara mbili, taratibu, kisha akauliza kama wachuuzi wawili wa sambaza, mashahidi wetu, wanajua tarehe kuliko daftari la serikali.

Metre hakujibu mara moja. Alifungua jalada la malalamiko ya yule mfanyabiashara, ambalo oditeri alikuwa amelichukua pamoja na daftari, akatoa karatasi moja. Ilikuwa PV, yaani hati rasmi ya polisi, ya mahojiano ya Mama kuhusu mahali alipo mdogo wangu, yenye alama ya dole gumba lake chini, kwa kuwa hajui kuandika. Ilikuwa na tarehe 20 Machi, saa nne asubuhi, yaani Ijumaa. Akaomba usomwe mstari wa kwanza tu. Afisa aliyeiandika alikuwa ameuanza kama alivyozoea kuanza PV za wafungwa wote: "Tumemtoa kasho mwanamke aitwaye..." Metre akauliza swali moja. Ikiwa aliingia kasho Jumamosi, Ijumaa walimtoa kasho gani?

Ukumbi ulinyamaza. Brigadie alisema yeye haandiki daftari, na nadhani katika hilo alisema kweli. Prezida alichukua ile PV na lile daftari, akaviweka kando kwa kando mezani, akawaita majaji wenzake watazame. Mama aliniuliza kwa sauti ya chini wanatazama nini. Nikamwambia wanaitazama Alhamisi.

Wakili wa Jamhuri alifika saa sita hivi. Hakubishana juu ya tarehe. Hoja yake ilikuwa kwamba brigadie alifanya kosa lake binafsi, nje ya kazi, kwa faida ya mfanyabiashara, na kwamba hazina ya taifa haipaswi kubeba mzigo wa mtu aliyejituma mwenyewe. Ni hoja yenye uzito, na ninaielewa. Lakini iliniudhi, kwa sababu ilimfanya Mama kuwa mtu aliyepigwa na mpita njia. Metre alimjibu kwamba mpita njia hana sare, hana rungu la serikali, na hana kasho la kumfungia mtu usiku tatu. Aliongeza jambo ambalo sikulitegemea: kwamba Katiba inataka mkamatwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na kwamba Lingala na Kiswahili zote ni lugha za taifa, ila moja haiwezi kusimama mahali pa nyingine katika sikio la mwanamke wa Kadutu.

Hukumu ilitolewa Januari 2017. Brigadie alipewa miezi 12, na Jamhuri, pamoja naye, iliamriwa kumlipa Mama fidia ya franka sawa na dola 2,500. Hatukupata hata franka moja. Mali ya serikali haikamatwi kwa nguvu kama ya mdaiwa mwingine, na ili hata kuianza safari ya kudai, mshindi hudaiwa kwanza ada inayohesabiwa kwa asilimia ya fidia ambayo bado hajaiona. Nilikwenda kwenye ofisi hizo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kisha nikaacha. Kumtaka aliyevunjwa mkono alipe ili adai alichopewa na mahakama ni jambo linalopaswa kuondolewa, na sitaacha kulisema.

Nililipia nakala ya kawaida ya hukumu tu. Mama aliniambia niilete sokoni, si nyumbani. Jumamosi iliyofuata nilisimama nyuma ya beseni lake, mahali palepale, na wanawake wa meza za jirani wakasogea, na wapagazi wawili waliokuwa wakipita wakasimama na mizigo yao kichwani. Nilisoma kwa Kifaransa mstari mmoja mmoja, nikiutia katika Kiswahili. Nilipofika mahali majaji waliposema kwamba mdai hakutenda kosa lolote, na kwamba alizuiliwa tangu tarehe 19 Machi 2015 saa kumi alasiri mpaka tarehe 22 saa tano asubuhi, Mama alinyanyua mkono wake wa kulia, ule uliopinda, akanisimamisha.

"Ngoja wale wa barabarani wakaribie," alisema. "Soma tena ile ya Alhamisi."

Mvua ilikuwa imeanza. Walifunika sambaza kwa nailoni, wakasogea, nami nikasoma tena.