Waifai iliyokuwa inakatika kila alasiri

Kwa karibu miezi miwili niliamini kabisa kwamba mtandao wa huku kwetu Kirumba, Mwanza, unalemewa ikifika saa kumi jioni. Watoto wametoka shule, majirani wamerudi, kila mtu yuko kwenye video. Laptopu yangu ni ya mtumba, toleo la mwaka 2011. Asubuhi inashika waifai vizuri, saa kumi inaanza: inakata, inarudi, inakata. Mimi naandaa hesabu za maduka, kwa hiyo kila jioni nilikuwa natuma mafaili kwa bando la simu, nikinung'unika.

Simu hiyo hiyo, ikiwa mezani pembeni ya laptopu, waifai yake haikutikisika. Hapo ningeshtuka, lakini nikajipa jibu: simu inatumia masafa ya gigahazi 5, mpakato wangu mzee unasikia 2.4 tu, na huku mlimani nyumba zimebanana katikati ya mawe, waifai za majirani zinagombania masafa hayo hayo. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, nikahamisha chaneli, yaani kipande cha masafa inachotumia, kutoka 6 kwenda 1. Kwenye Windows nikaondoa ile tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ya waifai ili kuokoa chaji. Hilo lilisaidia kidogo, maana ukiiacha imetulia haikupotea tena. Alasiri ikabaki vile vile.

Siku moja nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika ping -t na namba ya ruta yangu, 192.168.1.1. Hapo laptopu inabisha hodi kwenye ruta mfululizo, na intaneti ya nje haihusiki. Majibu yakawa yanakuja: milisekunde 2, 3, 2. Jua likashuka upande wa ziwani, likapiga kwenye kioo, nami kama kawaida nikakiinamisha mbele kidogo ili nione. Majibu yakakata. Nikakiinua, yakarudi. Nikakiinamisha, kimya. Nilirudia mara nne, kama mtoto aliyeachiwa swichi ya taa.

Antena za laptopu nyingi zimo kwenye kifuniko, kuzunguka kioo, na waya zake hupita kwenye bawaba hadi kwenye kadi huku chini. Funga, fungua, miaka yote hiyo, waya unachoka palepale unapokunjwa.

Nikaizima, nikatoa betri, nikafungua skrubu za chini. Feni ilikuwa imejaa maiti za vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi. Taa yangu iko juu ya meza, nao hufuata taa. Nikaisafisha kwa brashi ya rangi. Kwenye kadi kulikuwa na waya mbili, mweusi kwenye 1 na mweupe kwenye 2, kila mmoja una kichwa mfano wa kishikizo cha dhahabu, kidogo kuliko punje ya mchele. Usivute waya, nyanyua kichwa kwa ukucha. Nikahamishia mweupe kwenye 1, mweusi nikauacha pembeni. Kesho yake nikainamisha kioo nitakavyo na waifai haikukatika, ila kasi ilipungua kwa kuwa antena ilikuwa moja. Mwenye kosa ni ule waya mweusi.

Kufungua kifuniko chenye kioo sikuthubutu. Nikashuka mjini, Makoroboi, kwa fundi mzee mwenye rundo la laptopu zilizokufa chini ya meza.

"Shikamoo fundi. Naona waya wa antena umekatikia kwenye bawaba."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

Nikamsimulia habari ya jua. Akacheka. "Ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "wengine hapa wananiletea ruta."

Akatoa antena kwenye mashine mojawapo ya vipuri, akalegeza na bawaba iliyokuwa ngumu mno. Shilingi 15,000. Nilipofika nyumbani nikapima hadi jioni, majibu hayakukosekana hata mara moja.

Jua la saa kumi bado linaingia. Nimenunua pazia.