Siku yangu huanza jua likielekea magharibi: usiku mmoja Naboisho

Saa saba mchana. Wenzangu wanakula chakula cha mchana, mimi ndiyo kwanza nashusha mguu kitandani. Mama akipiga simu saa hizi na kusikia sauti ya usingizi, bado huuliza kama naumwa. Ni miaka mingi sasa nimemweleza kwamba kazi yangu ni kurekodi wanyama usiku, na kila mara anajibu, "Haya, mwanangu, Mungu akulinde," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa nalinda benki.

Tupo Naboisho, hifadhi ya jamii iliyoanzishwa mwaka 2010 kaskazini-mashariki mwa Maasai Mara, kwenye ardhi ya familia za Kimaasai. Ndani ya Mara yenyewe, magari ya wageni hayaruhusiwi kuzunguka jua likishazama. Huku unaruhusiwa kuzunguka usiku kwa masharti, ndiyo maana nimepiga hema huku.

Saa tisa nakagua vyombo. Nina kamera tatu na kila moja ina upofu wake. Ya joto haihitaji mwanga wowote, inasoma joto la mwili. Lenzi yake ni ya gerimani (elementi ya germanium) kwa sababu mionzi ile haipenyi kioo cha kawaida. Siku yangu ya kwanza niliielekeza nje dirisha la gari likiwa limefungwa, nikashangaa kuona mnyama wa ajabu anayenitazama. Alikuwa mimi mwenyewe. Ya pili ni ya infraredi, mwanga uliopita wekundu ambao jicho halioni, nayo inahitaji taa zake. Natumia taa za nanomita 940, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, zisizoonekana kwa macho. Zile za 850 zinaangaza mbali zaidi, lakini zina wekundu hafifu kama kaa linalozimika, na sitaki nyumbu ageuze shingo kwa sababu yangu. Ya tatu hupiga rangi kamili kwenye mwanga hafifu, ila bila mwezi ni mzigo tu.

Saa kumi na moja jioni tunatoka. Dereva wangu ni mzee wa Kimaasai. Mimi namwita mzee, yeye ananiita kijana, ingawa ndevu zangu zimeanza kunisaliti. Tunawakuta simba jike wanne chini ya mgunga, matumbo yameingia ndani.

"Hawa wana njaa," anasema. "Na leo mwezi unachelewa."

Ni usiku wa nne baada ya mwezi mpevu. Mbalamwezi ikiwaka usiku kucha, windo humwona simba mapema na simba hulala njaa. Siku chache baadaye mwezi huchelewa kuchomoza, likapatikana giza la mwanzo wa usiku, na hapo simba hulipa deni. Utafiti kuhusu simba walioshambulia watu Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta mambo hayohayo: hatari huzidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Mzee hajausoma. Alichunga ng'ombe.

Mwanga ungalipo, narekebisha fokasi ya kamera ya infraredi kwenye uso wa jike mmoja. Kumbukeni hapo.

Saa moja usiku, giza. Saa hii kamera ya joto ni mwongo mkubwa: mawe na vichuguu vimeota jua mchana kutwa, na kila kichuguu kinawaka kama nyati aliyelala. Taa za gari tumezima. Mzee anaendesha kwa kutazama skrini ndogo niliyomfungia mbele ya usukani. Mashimo ya muhanga hayaonekani kwenye skrini, basi tunayatambua kwa viuno.

Saa mbili na nusu nimeelekeza kamera kwenye kundi la nyumbu upande wa kushoto. Mzee anazima injini.

"Si huko. Sikiliza."

Mimi sisikii kitu. Halafu, mbali upande wa kulia, nyumbu mmoja anakoroma kwa pua, mara moja tu. Nageuza kamera zote mbili. Jike mmoja amelala kifudifudi kwenye nyasi fupi. Kwa dakika ishirini hatikisi hata sikio, nami mguu umekufa ganzi. Kisha anafyatuka. Vumbi, kwato, mlio mmoja mfupi, kimya.

"Umepata?"

Naitazama skrini ya infraredi nikikuza picha. Ukungu mtupu. Mwanga wa infraredi haukutani nyuma ya lenzi pale pale unapokutana ule wa kawaida; fokasi ya jioni haifai usiku. Najua hilo. Huwa nawafundisha vijana hilo.

"Pole, kijana. Wakishiba hivi watalala siku mbili."

Mwezi unachomoza kama saa tatu na dakika arobaini na kamera ya tatu inaamka. Bonde lote linaonekana kwa rangi zake, nyasi kijani na mbingu ya buluu, ungedhani ni saa kumi jioni kama si nyota. Hadi saa tisa usiku nafuta umande kwenye lenzi na kuwafuata kamendegere wanaorukaruka. Chai imepoa kwenye thamosi.

Saa kumi na mbili asubuhi, hemani, nanakili kadi. Faili za infraredi naziruka, sina moyo. Nafungua za kamera ya joto, iliyokuwa ikirekodi kando yake muda wote. Jike anafyatuka na kutoka nje ya picha. Pale alipokuwa amelala anabaki simba mwingine, mweupe, mwenye mgongo na makalio na mkono ulionyooshwa: joto lake limebaki kwenye nyasi. Linafifia polepole kuanzia pembeni, hadi nyasi zinakuwa nyasi.

Mzee ameingiza kichwa hemani na kikombe mkononi.

"Rudisha," anasema. "Rudisha tena pale anapoondoka."