Mkaa unauzwa kwa kopo, gesi inauzwa kwa mtungi

Jana jioni nilisimama kwa mama wa mkaa hapa mtaani kwetu Mwanga, mbele yangu kuna dada ana mtoto mgongoni, akatoa buku yake imekunjwakunjwa, akapimiwa kopo moja, akasema mama niongezee hata kipande, akaongezewa viwili, akafunga kwenye kipande cha kitenge akaondoka. Hakuna cha ajabu hapo, ndo maisha ya kila siku Kigoma, ila nilirudi nyumbani nikawa nalifikiria tu lile kopo, maana mimi ni mtu wa kuongea sana mambo ya mazingira, majirani wananijua, nikiona mtu anachoma chupa za plastiki uani nitaenda kumwambia hata kama atanuna. Lakini siku zinavyokwenda naona kuna jambo moja hatulisemi vya kutosha, nalo ni kwamba huku kwetu kila kitu kinachoharibu mazingira kinauzwa kidogokidogo, na kila kinachoyatunza unatakiwa ulipe kwa mkupuo.

Chukua huo mkaa. Kwangu mimi siku ya kawaida kopo moja, siku ya maharage makopo mawili, kwa mwezi naongea 35,000 hivi. Kujaza mtungi mdogo wa kilo 6 kwa wakala tuliyenaye ni 27,000, na kwa familia yangu ya watu watano ukibana unakaa wiki tatu na kitu. Yaani ukipiga hesabu vinakaribiana kabisa, na masizi huna, na kikohozi cha asubuhi huna. Kwa hiyo usije ukaniambia yule dada hajui hesabu, anajua kuliko mimi. Mume wake ni bodaboda, hela inaingia jioni 5,000, kesho 7,000, keshokutwa tairi limepasuka haingii kitu. Hiyo 27,000 ya siku moja aitoe wapi? Mkaa unamsubiri na buku yake, gesi haimsubiri. Semina nyingi nilizokaa wanatufundisha madhara ya mkaa kana kwamba shida ni kwamba hatuyajui, na kwa kweli huwa natoka nimekasirika.

Madhara tunayajua jamani. Huo mkaa unatoka maporini, na ukienda kule Uvinza utaona mwenyewe miti inavyozidi kwenda mbali na barabara. Tanuri letu la udongo linakula kuni nyingi mno, kilo moja ya mkaa inaweza kumaliza kilo 6 mpaka 10 za kuni, sehemu kubwa inaishia moshi. Na misitu hiyo hiyo ya Masito na Ugalla ndo wanaishi sokwe wengi walio nje ya hifadhi, watu wanadhani sokwe ni Gombe na Mahale tu.

Na gesi nayo tusiifanye malaika. Hii tunayojaza kwenye mitungi siyo ile ya Mtwara, inakuja kwa meli kutoka nje mpaka Dar, halafu inasafirishwa zaidi ya kilomita 1,200 mpaka ifike kwetu, ndo maana bei yetu haifanani na ya Dar, na ndo maana ikichelewa gari inakuwa kilio mtaa mzima. Mwaka jana iliniishia usiku mtoto ana homa, nataka kumchemshia uji, wakala hana mtungi hata mmoja, nikaenda kugonga kwa mama wa mkaa saa nne usiku. Alinifungulia. Nikakaa na mkaa wiki tatu nzima kwa sababu hela ya mtungi ilishaenda kwenye dawa. Sikujilaumu na sitamlaumu mtu yeyote anayepita hapo.

Sasa ukishaanza kuangalia kwa jicho la kopo unaona kila mahali. Taka za nyumbani kwangu nilizipanga chini siku moja nizione vizuri, nilikuta karibu zote ni nailoni ndogondogo: robo ya sukari imefungwa kwenye nailoni, chumvi ya mia mbili nailoni, sabuni ya unga kapakti ka kufulia mara moja, karanga, ubuyu wa watoto, kila kimoja na nailoni yake. Mwenye uwezo anabeba mfuko wa sukari kilo 25 anakaa nao miezi, taka yake ni mfuko mmoja. Sisi tunaonunua robo robo tunapewa nailoni mia kwa sukari ileile. Ile mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na kwa kweli ilisaidia, mi nakumbuka mifereji ya hapa ilivyokuwa kabla, lakini hivi vinailoni vyembamba vya kufungia vipo palepale. Gari la taka kupita mtaani kwetu ni bahati, mji wetu umeinamia ziwani, kwa hiyo mvua ya kwanza ikipiga mfereji unashusha kila kitu mpaka majini. Nenda ufukweni kesho yake uone chupa na vifuniko vinavyoelea, na watoto wanaviokota wanachezea.

Na ziwa letu siyo la kutania. Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, mita 1,470, na maji yake yana njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, mengine yote yanaondoka kwa mvuke. Mvuke haubebi nailoni. Kinachoingia humo ni chetu na wajukuu zetu.

Ila kuna vitu vyetu vya zamani vinanipa raha, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu navipenda. Mawese kwa mfano. Sijawahi kununua mawese yakiwa na kifungashio maishani mwangu, naenda na chupa yangu soko la Mwandiga, ile ile chupa ya lita moja na nusu niliyo nayo mwaka wa pili, imeshakuwa na rangi ya chungwa ambayo haitoki hata ukiisugua na mchanga. Mama muuzaji anaweka makapi makavu ya chikichi pembeni anawashia moto, anachota, anamimina polepole na faneli, anaipigapiga chupa chini povu lishuke, anakuongezea mpaka mdomoni. Asubuhi za mwezi wa sita kukiwa na kibaridi yanaganda, unaiweka chupa dirishani kwenye jua wakati unakatakata majani ya muhogo ya sombe, mpaka sombe iwe tayari mawese yameshalegea. Hapo hakuna kilichotupwa: makapi ni moto, mise, yaani kokwa za ndani, inakamuliwa mafuta mengine, na sabuni wanazopika watu wenyewe unakatiwa kipande cha jero unakibeba mkononi bila karatasi. Huo mfumo wa kuuza kidogo bila nailoni tulikuwa nao siku zote.

Halafu naingia mtandaoni nakuta ushauri namba moja wa kuishi kwa kutunza mazingira ni acha mafuta ya mawese! Nikasoma vizuri nikaelewa wanaongelea Indonesia na Malaysia ambako misitu mikubwa imekatwa ipandwe michikichi, na wana haki kabisa ya kulia. Lakini mchikichi wa bibi yangu kule bondeni Ujiji umesimama pamoja na migomba na muhogo chini yake tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Nikiacha mawese nitanunua mafuta ya kwenye dumu yaliyosafiri kutoka huko huko Malaysia. Siku nikiona misitu yetu inafyekwa kwa ajili ya mashamba makubwa nitakuwa wa kwanza kupiga kelele, ila kwa sasa chupa yangu haiendi popote.

Kwenye dagaa ndo nahangaika zaidi. Nikienda mwaloni Kibirizi na kapu langu wauzaji wananionea huruma, mmoja aliniambia dada yangu nailoni ni bure, nikamwambia najua, weka humu humu. Waliokaushwa kwenye vichanja ni wa bei zaidi kuliko waliokaushwa kwenye mchanga, lakini wa mchanga utawaosha maji matatu na bado unatafuna mchanga, na maji kwetu yanatoka siku yanayotaka, kwa hiyo nalipia kichanja. Ya kuoshea hayo hayamwagwi, yanaenda kwenye magunia yangu mawili ya mchicha.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, ni makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka, sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Niliunga mkono na bado naunga mkono. Samaki wa ziwa hili wanaishi juujuu tu, kule chini kabisa hakuna hewa, na wataalamu wanasema maji ya juu yanavyozidi kupata joto yanachanganyika kidogo na ya chini, kwa hiyo chakula cha samaki kinapungua hata kama hakuna anayetupa wavu. Ukiongeza na nyavu zetu inakuwaje? Lazima lipumzike. Lakini nataka niseme nilichokiona pia. Kuna kijana wa hapa mtaani kazi yake ilikuwa kubeba makreti Kibirizi, analipwa kila siku, siku ziwa linafungwa hela yake ya kila siku ilikatika siku hiyohiyo. Mwezi wa sita akaingia porini kuchoma mkaa. Hakuwa mtu wa mkaa, hata panga aliazima. Tulilipumzisha ziwa, mzigo ukahamia msituni, na yeye alirudi mikono imeungua akaniambia dada ningefanyaje.

Sikuwa na jibu, lakini ndo kilichotufanya tuanze mchezo wetu wa kupeana hela kwa zamu. Tuko wanawake kumi, kila wiki kila mmoja anatoa 3,000 kwa kijumbe, yaani mwenzetu anayekusanya, mwenye zamu anachukua 30,000, ila sharti letu hiyo hela haishikwi mkononi, kijumbe anaenda nayo mwenyewe kwa wakala anarudi na mtungi umejaa. Wazo lenyewe hatukulitunga sisi. Bibi Jane Goodall alifika Gombe 1960 kwa ajili ya sokwe, miaka ya tisini mwanzoni akapita na ndege akaona vilima vya nje ya hifadhi vimebaki vipara, na mradi wa TACARE ulioanza 1994 haukuanza kwa kuwakataza watu kukata, ulikaa na vijiji kusikia shida zao, na mikopo midogo ya akina mama ikawemo. Shangazi yangu alikopa enzi hizo akafuga kuku, mpaka leo anahadithia.

Wiki ya kumi tulipomaliza mzunguko tukakaa kwenye mkeka tukaangalia, nikawaambia jambo nililokuwa nalipigia hesabu muda mrefu. Umeme unauzwa kama mkaa! Luku ya buku ipo. Miaka mingi Kigoma tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli, saa yoyote unakatika na sufuria iko jikoni, sasa tumeungwa gridi ya taifa, unakatika bado ila siyo kama zamani. Na zile sufuria za presha za umeme maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva chini ya saa nzima na hayamalizi hata uniti moja. Niliazima ya mwalimu mmoja nikaijaribu, niliandika namba ya luku kwenye daftari kabla na baada, nikarudia mara tatu kwa sababu sikuamini, kila mara haijafika uniti. Makopo mawili ya mkaa ni 2,000, ile ilikuwa mia mbili tatu. Kikwazo ni sufuria yenyewe, elfu tisini na kitu. Kwa hiyo mzunguko wa pili tumepandisha mpaka 10,000 kila wiki mbili, na tumefika wa nne. Serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi. Sisi tuko wanne kati ya kumi.

Yule dada wa kopo nilimwambia jana hiyohiyo, nikamfuata nyuma, mtoto ameshalala mgongoni. Akaniuliza kwa wiki mbili ni 700 kwa siku siyo? Nikasema ni 700 na kidogo. Akasema ataongea na mume wake.

Niliporudi dukani mama wa mkaa alikuwa amesikia kila kitu. Amekuwa akiuza mkaa pale miaka kumi na moja tangu afiwe na mumewe, watoto watatu wamesoma kwa lile kopo, na ni yeye aliyenifungulia mlango saa nne usiku. Akaniambia mwanangu, mchezo wenu ni mzuri, hata mimi moshi umenichosha kifua, mtaniandika wa kumi na moja? Nikasema tutakuandika mama. Akanyamaza, akawa anapangapanga makopo yake, halafu akauliza, na mimi sasa nitauza nini?

Nilikaa pale kwenye kigoda chake mpaka giza likaingia tukiongea, habari ya uwakala wa gesi, mtaji wake unaotakiwa, nani wa kumuuliza. Hatukufika popote bado. Nilikuwa na migebuka wawili wa kuchoma, nikanunua kopo moja la buku, akaniongezea vipande viwili.